Mlipuko wa Jumapili ya mbalamwezi

Tarehe 9 Oktoba 2022 ilikuwa Jumapili na mwezi ulikuwa unakamilika usiku ule, kwa hiyo kule kwetu Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hakuna mtumbwi wa dagaa uliokuwa unajiandaa kuingia ziwani. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilitoka mjini kwenda kumwona baba mdogo, nikamkuta amekaa chini ya mwembe nyavu imemjaa mapajani anashona palipochanika, sindano ya mbao inaingia inatoka, na taa zake zimepangwa pembeni ya ukuta zinasubiri giza lirudi. Nikamwamkia, nikaletewa kigoda, tukaanza habari za nyumbani. Ilikuwa saa kumi na robo hivi, jua bado kali.

Saa 10 na dakika 17 kwa saa zetu, mwanga uliokuwa njiani kwa karibu miaka bilioni 2 ukafika duniani ukatupiga wote wa upande huu, mimi na chai yangu ya rangi, baba mdogo na sindano yake. Hatukuhisi chochote. Hewa iliyo juu yetu humeza mwanga wa aina hiyo kabla haujatufikia na tushukuru sana kwa hilo. Lakini kule juu, kwenye lile tabaka la hewa lenye chaji linalorudisha chini mawimbi ya redio za masafa marefu, vipimo vilionyesha kabisa kwamba limetikisika. Kitu kimelipuka kwenye galaksi nyingine huko, kimegusa hewa ya dunia mchana kweupe, na sisi tunaongelea bei ya nyuzi.

Mimi nilikuja kujua siku kadhaa baadaye. Nikachukua karatasi nikapiga hesabu mwenyewe, mahali mlipuko ulipoonekana angani, kwenye lile kundi dogo la nyota linaloitwa Sagitta, nikalinganisha na saa na mahali Mwanza ilipo, jibu likatoka kwamba wakati ule ulikuwa kaskazini mashariki, nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosini. Yaani ningenyoosha mkono kuelekea Musoma alafu nikaupandisha, ningekuwa nauonyesha palepale. Nilirudia ile hesabu mara tatu. Sijui nieleze vipi furaha ya kugundua kwamba jambo kubwa hivo lilipita juu ya kichwa chako na wewe ulikuwepo.

Mlipuko huo unaitwa GRB 221009A, hizo namba ni tarehe tu, mwaka mwezi siku. Ni mlipuko wa mionzi ya gama, na kati ya yote iliyowahi kurekodiwa huo ndo uliong'aa kuliko mingine, mpaka baadhi ya satelaiti zilizidiwa zikashindwa kuhesabu. Wataalamu wamekadiria kwamba wenye kung'aa namna ile unafika kwetu mara moja hivi katika miaka 10,000. Miaka 10,000 nyuma hakukuwa na Mwanza, hakukuwa na mtu wa kuita mahali hapa jina lolote tunalolijua.

Kwa ambao hawajawahi kusikia haya mambo: mionzi ya gama ni mwanga uleule tunaoujua ila kila punje yake imebeba nishati kubwa sana, kuliko hata eksirei ya hospitali. Mara moja hivi kwa siku, kutoka upande wowote wa anga, unakuja mmweko wa mionzi hiyo, unadumu sehemu ya sekunde au dakika kadhaa, alafu basi. Ile mirefu, inayozidi sekunde 2, mingi ni nyota kubwa sana iliyoishiwa kuni zake, katikati yake panaporomoka panakuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, na kutoka pale kunachomoka mkondo mwembamba wa vitu unaokimbia karibu kabisa na kasi ya mwanga, unatoboa nyota kutoka ndani kwenda nje. Ile mifupi inatokana na nyota mbili za neutroni, mabaki mazito mno ya nyota zilizokufa, zinazozungukana mpaka zinagongana, na hilo lilithibitika tarehe 17 Agosti 2017 pale mawimbi ya mvutano, yaani mtikisiko wa nafasi yenyewe, yalipofika na sekunde 1.7 baadaye gama nazo zikafika. Ukiona mlipuko maana yake ule mkondo ulikuwa umeelekezwa kwako. Isiyoelekezwa kwetu inalipuka na hatuioni.

Sasa kitu kilichonishika moyo, na ndo sababu naandika, ni kwamba aliyeuona vizuri kuliko wote mlipuko ule kwenye nishati kubwa zaidi ni bwawa. Bwawa la maji kabisa.

Liko China, jimbo la Sichuan, mlimani mita 4,410 juu ya usawa wa bahari, sehemu ya kituo kinachoitwa LHAASO. Yako matatu, ukiyajumlisha yana mita za mraba 78,000, kama viwanja kumi vya mpira, yamefunikwa paa na ndani ni giza totoro, maji yamesafishwa mpaka basi, na chini kabisa wamepanga macho ya umeme yanayotazama juu. Punje ya gama ikija kutoka angani inagonga hewa huko juu, inavunjika inazaa chembe, chembe zinazaa nyingine, mvua nzima ya chembe inashuka, na zile zinazofika bwawani zinaingia majini zikiwa na kasi kuliko mwanga unavyoweza kwenda majini. Hapo watu wengi hunisimamisha. Si tumefundishwa hakuna kinachopita mwanga? Ni kweli, hakuna kinachopita kasi ya mwanga kwenye uwazi mtupu, kama kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini majini mwanga wenyewe unapungua mpaka kama 225,000, na chembe yenye nishati ya kutosha haipungui, inaupita. Nenda kasimame mwaloni Kirumba uangalie boti ya injini inaingia, angalia yale mawimbi mawili yanayofunguka nyuma yake kama mabawa, yale yanatokea kwa sababu boti inakwenda kasi kuliko wimbi la maji. Chembe inafanya vilevile ila mabawa yake ni ya mwanga, mwanga wa bluu hafifu. Unaitwa mwanga wa Cherenkov, kwa jina la Mrusi Pavel Cherenkov aliyeuchunguza mwaka 1934 akaja kupewa Nobeli mwaka 1958.

Kwenye dakika 50 za kwanza mabwawa yale yalidaka punje zaidi ya 64,000 kutoka kwenye mlipuko mmoja, kila moja ikiwa na zaidi ya elektronivolti bilioni 200 (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya punje na chembe), na kituo kile kikaja kuripoti nyingine zinazofika mpaka kama trilioni 13. Mwanga wa taa unaosomea una elektronivolti 2 au 3 kwa punje. Linganisha mwenyewe.

Kabla ya hapo watu walihangaika miaka kutafuta gama kali namna hiyo. Mwaka 2013 satelaiti ya Fermi ilipata punje moja ya bilioni 95, watu wakasherehekea. Tarehe 14 Januari 2019 darubini za MAGIC zilizoko kisiwa cha La Palma zilipata taarifa kutoka kwenye satelaiti zikageuka, darubini ya tani zaidi ya 60 inageuka kama mtu aliyeitwa jina lake, na ndani ya dakika moja zilikuwa zimeshaanza kuangalia, zikapata gama zinazofika elektronivolti trilioni 1. Na wenzetu wa Namibia, kituo cha H.E.S.S., wakaja kuonyesha kwamba mlipuko wa Julai 2018 ulikuwa bado unatoa gama za nishati kubwa saa 10 nzima baada ya kulipuka, na ule wa Agosti 2019 wakaufuatilia usiku tatu mfululizo. Hii ya Namibia huwa naitaja kwa wanafunzi wangu kila mara, maana ni ardhi ya Afrika, na anga lenyewe la huko ndilo lililofanya watu wafunge safari.

Na hapa turudi kwenye ule mwezi. Darubini kama za H.E.S.S. zinaangalia ule mwanga wa bluu hewani badala ya majini, mmweko wa vipande vichache tu ukigawa sekunde moja vipande bilioni, dhaifu kupita kiasi, kwa hiyo zinahitaji usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea hazifanyi kazi. Jumapili ile mwezi ulikuwa mpevu kamili, mlipuko wa miaka 10,000 umetokea, na wale watu wa Namibia ilibidi wasubiri. Walianza kuangalia saa 53 baadaye mwezi ulipowaachia nafasi, na wakati huo mlipuko ulikuwa umeshafifia, hawakupata kitu. Nilipolisoma lile nilicheka kwa furaha peke yangu kwenye daladala la kwenda Nyegezi. Kwa sababu usiku uleule, kwa sababu ileile, baba mdogo na mwalo mzima wa Igombe walikuwa wamelala nyumbani. Mwezi ukiwaka dagaa wanatawanyika, taa haivuti, unaunguza mafuta na nguvu bure. Mvuvi wa dagaa anaishi kwa kalenda ya giza, na yule mtu wa Namibia naye anaishi kwa kalenda hiyohiyo.

Historia ya hii milipuko ina mlango mmoja unaopitia huku kwetu na watu wengi hawaujui. Ilianza na satelaiti za Marekani zilizoitwa Vela, zilizorushwa kuchunga kama kuna mtu anajaribu bomu la nyuklia kwa siri baada ya ule mkataba wa 1963. Tarehe 2 Julai 1967 zikaona mmweko wa gama ambao haukufanana na bomu, na ikachukua mpaka 1973 habari kutangazwa: inatoka angani, haitoki duniani wala kwenye jua. Baada ya hapo miaka zaidi ya 20 watu wanabishana iko mbali kiasi gani. Kuna waliosema ni jirani, ndani ya galaksi yetu, kuna waliosema ni mwisho wa ulimwengu. Kifaa kimoja kilichorushwa 1991 kilihesabu milipuko 2,704 na ikaonekana inatoka pande zote sawasawa, lakini umbali bado.

Aliyemaliza ubishi ni satelaiti ya Waitaliano na Waholanzi, BeppoSAX. Hii ilikuwa inazunguka dunia karibu kabisa na mstari wa ikweta, urefu wa kilomita 600, mzunguko mmoja dakika tisini na kitu, na kituo chake cha kupokea data kilikuwa Malindi. Malindi hiihii ya pwani ya Kenya. Sasa chukua ramani: satelaiti inatoka magharibi kwenda mashariki karibu na ikweta, kabla hajafika Malindi inapita wapi? Inapita juu ya ziwa letu au pembeni yake kidogo. Kila mzunguko. Tarehe 28 Februari 1997 iliona mlipuko, masaa kama 8 baadaye ikageuzwa kuangalia palepale, ikakuta kaa la moto bado linawaka kwa eksirei na linafifia, na kwa mara ya kwanza watu wakajua mahali hasa pa kuelekeza darubini za kawaida. Miezi michache baadaye, kwa mlipuko wa Mei mwaka uleule, umbali ukapimwa: mwanga wake ulitoka zaidi ya miaka bilioni 6 iliyopita. Ile data ilishuka Malindi, na kabla ya kushuka ilikatiza anga la kwetu. Mimi 1997 nilikuwa mtoto nachunga mbuzi wa bibi asile dagaa walioanikwa, na hakuna aliyeniambia kuna kitu kinapita.

Basi umbali ukajulikana, gama zikapatikana mpaka zile za trilioni. Mbona watu hawajatosheka? Kwa sababu gama haisemi kila kitu, na hapa ndo penye uzito.

Ule mkondo unaochomoka kwenye nyota umebeba nini? Tunajua una elektroni, maana elektroni zikizungushwa kwenye sumaku kali zinatoa mwanga, na zikigonga mwanga zinaupandisha nishati unakuwa gama, na hizo zinatosha kueleza karibu kila tulichokiona. Lakini je, kuna protoni nazo zinakimbizwa humo? Kwa sababu dunia yetu inapigwa kila siku na miale ya kosmiki, protoni na viini vya atomu vyenye nishati ya kutisha, kitu kilichogunduliwa na Victor Hess kwenye puto mwaka 1912, na mpaka leo zile kali kuliko zote hatujui nani anazitupa. Mwaka 1997 wanafizikia Eli Waxman na John Bahcall walisema, ikiwa ni hii milipuko ndo inazitupa, basi protoni humo ndani lazima zitagongana na gama, zitazaa chembe zinazoitwa paioni, na paioni zikivunjika zinatoa neutrino, chembe nyingine ndogo mno. Elektroni haziwezi kufanya hivo. Kwa hiyo neutrino ni shahidi. Ukiidaka moja iliyotoka mahali pale, dakika ile, umejua kuna protoni.

Na gama za nishati kubwa zina udhaifu mwingine, njiani zinakutana na mwanga wa nyota zote zilizowahi kuwaka, zinagongana nao zinapotea, kama taa za mtumbwi kwenye ukungu wa alfajiri, kadiri ilivyo mbali ndivyo unavyoona chache. Neutrino hana ukungu. Hana chaji, sumaku haimpindi, anapita kwenye nyota, kwenye dunia, kwako. Jua peke yake linapitisha kama bilioni 65 kwenye kila sentimita moja ya mraba kila sekunde, yaani ukucha wako wa kidole gumba, saa hii unaposoma. Mwaka 1987 nyota ilipolipuka kwenye galaksi jirani, neutrino kama 25 zilidakwa duniani masaa kabla mwanga wa mlipuko haujaonekana, kwa sababu zenyewe zilitoka ndani ya nyota moja kwa moja na mwanga ulikuwa bado unatafuta njia.

Lakini kitu kinachopita kila mahali unakidakaje? Unahitaji maji mengi, giza, na subira. Kule Ncha ya Kusini wametoboa barafu mashimo 86, wakashusha kamba zenye macho ya kioo 5,160 kutoka kina cha mita 1,450 mpaka 2,450, kilomita moja ya ujazo ya barafu safi imegeuzwa jicho. Inaitwa IceCube, ilikamilika Desemba 2010. Mara moja moja sana neutrino anagonga kiini cha atomu, anazaa chembe yenye chaji, ile chembe inakimbia inaacha mabawa ya bluu, macho yanaona, na kwa kuangalia jicho lipi liliona kwanza unajua alikotoka. Mwaka 2013 wakatangaza kwamba neutrino za nishati kubwa kutoka nje ya mfumo wa jua letu zipo kweli.

Na kutoka kwenye milipuko ya gama? Walianza mapema. Aprili 2012 walitoa matokeo baada ya kuangalia milipuko takriban 300: hakuna hata neutrino mmoja wa kuhusishwa nayo. Wakaendelea, ikafika zaidi ya 2,000, hakuna. Ukaja ule wa Oktoba 2022, mkubwa kuliko yote, karibu, unang'aa kupita kiasi, watu wakakimbilia data. Hakuna. Sasa hivi wanaweza kusema kwamba mmweko wenyewe wa hii milipuko hauchangii zaidi ya kama asilimia 1 ya neutrino za angani wanazozidaka.

Hapa naomba niseme jambo langu. Nilipokuwa kidato cha tatu tulifanya praktiko ya fizikia, mzani na chemchemi ya waya, na chemchemi niliyopewa ilikuwa imechoka, ukiweka uzito haivutiki zaidi. Nikaandika kwenye daftari nilichokiona, kwamba sikuona badiliko. Nikapewa sifuri, nikaambiwa mbele ya darasa kwamba mtu aliyefanya praktiko hawezi kukosa majibu. Jirani yangu alinakili namba za mwenzake akapata kumi. Iliniuma sana, na sasa mimi ni mwalimu, na kila mwaka napata wanafunzi wanaopika namba kwa sababu wanaona aibu kuandika hakuna. Nikiwaona nawaita, nawasimulia yale matokeo ya 2012. Nawaambia watu mamia, kifaa cha kilomita moja ya ujazo, miaka ya kutoboa barafu kwenye baridi ile, na walichokuja kuandika kwenye jarida kubwa kabisa la sayansi ni kwamba hatukuona. Na kwa kuandika hivo wameua makadirio ambayo watu waliyaamini miaka 15. Walioamini wakarudi mezani: labda ule mkondo umejaa sumaku zaidi ya vitu, labda kugongana kunatokea mbali zaidi na kiini kuliko tulivyofikiri, labda zenye neutrino nyingi ni zile nyota ambazo mkondo wake ulikwama ndani haukutoboa, kwa hiyo gama hatuzioni kabisa na neutrino ndo wanatoka peke yao kimya kimya. Hii ya mwisho naipenda mno. Milipuko isiyo na mwanga wowote, inayotangazwa na kitu kisichoonekana.

Nilimsimulia baba mdogo haya yote siku nyingine, naye akiwa anapakua dagaa kwenye ndoo asubuhi. Alisikiliza mpaka mwisho, si mtu wa kukatiza.

"Kwa hiyo wametega miaka mingapi?"

"Zaidi ya kumi baba, kwa hilo eneo zima."

"Na hawajatoka na kitu kwa hao wanaowatafuta."

"Kwa hao bado. Wengine wamewapata."

Ni kweli wengine wamewapata. Tarehe 22 Septemba 2017 alikuja neutrino mmoja wa elektronivolti trilioni 290 hivi, akaelekeza kwenye galaksi yenye shimo jeusi linalorusha mkondo kuelekea kwetu, na 2022 wakatangaza wengine wengi kidogo kutoka galaksi iliyo karibu zaidi kuliko hiyo, NGC 1068.

Baba mdogo akamwaga ndoo kwenye turubai, akainama kuwatandaza kwa mkono, akasema, "Sasa hapo si wamejua maji yasiyo na dagaa? Mimi nikitoka mtupu Kayenze siku tatu, ya nne sirudi Kayenze. Mtu asiyeenda hajui hata hilo."

Sikuwa na la kuongeza. Niliinama nikamsaidia kutandaza.

Kuna ziwa linalofanya kazi hii pia, na kama mtu wa ziwani naomba nilitaje. Ziwa Baikal kule Urusi, refu kwenda chini mita 1,642, maji baridi matamu kama ya kwetu. Kazi ya kudaka neutrino pale ilianza miaka ya 1980, na utaratibu wao unanifurahisha: Februari mpaka Aprili uso wa ziwa umeganda, magari yanapita juu yake, wanatoboa barafu, wanashusha kamba na macho ya kioo mpaka kina cha zaidi ya kilomita moja, barafu ikianza kulegea wanaondoka. Kifaa kipya, Baikal-GVD, kilizinduliwa Machi 2021 na bado wanaongeza kamba. Kwetu Victoria haliwezi, ni pana kilomita za mraba zaidi ya 68,000 lakini kina chake mahali parefu kabisa ni mita 80 na kitu, mwanga wa jua na matope vingeharibu kila kitu. Tanganyika lina kina, mita 1,470. Huwa naangalia hiyo namba kwenye ramani, nakaa nayo.

Baharini nako, karibu na Sicily, mita 3,450 chini, kifaa cha KM3NeT ambacho hakijaisha hata kujengwa kilidaka tarehe 13 Februari 2023 chembe iliyotokana na neutrino wa nishati kubwa kuliko wote waliowahi kuonekana, elektronivolti 220 zikifuatwa na sifuri 15. Ilipita karibu sambamba na sakafu ya bahari. Aliyemtupa hajulikani.

Juzi giza lilipokolea nilimwomba baba mdogo anichukue. Tulitoka Igombe jua linazama, watu wanne kwenye mtumbwi na mimi wa tano, injini ikazimwa mbali kabisa mpaka taa za mjini zikawa vumbi tu kwa upande wa kusini. Mitumbwi mingine ilikuwa imeshawasha, ziwa zima lina taa kama kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Nikamwomba kabla hajawasha za kwetu anipe dakika moja. Hakuuliza ya nini, akawaambia vijana subirini.

Nikaweka mkono majini. Yalikuwa ya uvuguvugu kuliko hewa. Nikafikiria kwamba jua limeshakwenda chini yetu, upande wa pili wa dunia kidogo kidogo, na neutrino zake sasa zinakuja kutokea chini, zimepita kwenye mawe yote ya dunia, zinapanda kwenye matope ya ziwa, kwenye maji, kwenye dagaa waliolala kina kile, kwenye mbao za mtumbwi, kwenye kiganja changu, bilioni nyingi sana kwa sekunde, na kati ya hizo labda kuna mmoja ambaye hakutoka kwenye jua. Hakuna kilichong'aa. Mawimbi yalikuwa yanagonga ubavu wa mtumbwi taratibu na mmoja wa vijana alikuwa anapiga mluzi.

"Haya mwanangu," baba mdogo akasema. "Washa."

Nikawasha ya kwanza, akaipokea, akaifunga kwenye boya lake, akaisukuma majini kwa mkono. Tukaiangalia ikienda.